Vibao vya Eric Clapton: Time Pieces, Chronicles, Complete Clapton au Crossroads, uanze na ipi?

Kumuanza Eric Clapton kwa albamu moja moja ni kujitafutia kazi. Mzee kazaliwa 1945, gitaa analikung'uta kwenye bendi toka 1963, na kapita bendi kibao kabla hata hajaanza kutoa kazi kwa jina lake, kwa hiyo watu wengi wanakimbilia mkusanyiko wa vibao wamalizane naye. Sawa kabisa, shida ni kwamba hiyo mikusanyiko yenyewe ni mingi na majina yake yanachanganya. Time Pieces ya 1982 imeandikwa "The Best of Eric Clapton", Clapton Chronicles ya 1999 nayo imeandikwa hivohivo "The Best of Eric Clapton", afu ukifungua ndani hamna hata rekodi moja inayofanana. Layla iko kwenye zote mbili ndiyo, ila ni Layla mbili tofauti, na hiyo nitaifikia maana ndo inayowaliza watu wengi.

Huu mkanganyiko haukuletwa na muziki, ni mambo ya mikataba. Kazi za bendi zake za zamani, Cream na Derek and the Dominos, na zile za kwake mwenyewe za miaka ya 70 ziliishia mikononi mwa kampuni ya Polydor. Afu 1983, kuanzia albamu ya Money and Cigarettes, akahamia upande wa Warner akiwa na lebo yake anaiita Duck. Sasa kila kampuni ikitaka kutoa "bora za Clapton" inachota kwenye kapu lake tu, haiwezi kugusa la mwenzake bila kukaa mezani na kulipana. Kwa hiyo kabla hujauliza ipi kali, jiulize unamtaka Clapton wa kabla ya 1983 au wa baada, ukishajibu hapo nusu ya mikusanyiko inajitoa yenyewe.

Time Pieces ni ya huo upande wa kwanza. Nyimbo 11, sidii moja, inaisha kabla maharage hayajaiva. Kuna I Shot the Sheriff, After Midnight, Knockin' on Heaven's Door, Wonderful Tonight, Layla, Cocaine, Lay Down Sally na nyingine chache, na kwa mtu anayetaka kitu cha kuweka kwenye gari akasahau kubadilisha, hii haina mpinzani. Ila ukiikagua orodha vizuri utaona ni Clapton wa 1974 mpaka 1978 tu, pamoja na vipande viwili vya 1970. Cream haipo kabisa, yaani Sunshine of Your Love hamna, White Room hamna. Na hiyo miaka ya katikati ya 70 jamaa alikuwa amejirudisha nyuma kimakusudi, amechoka kuitwa mungu wa gitaa, anaimba zaidi kuliko anavyopiga, anafuata ule upigaji wa kivivu mtamu wa JJ Cale wa Oklahoma ambaye ndo mtunzi wa After Midnight na Cocaine zote mbili. Kwa hiyo mtu akikupa Time Pieces akakwambia sikiliza huyu ni gwiji wa gitaa, unaweza ukamaliza nyimbo zote ukauliza gwiji mwenyewe yuko wapi. Ukiitoa Layla, solo za kukuinua kwenye kiti humo utazitafuta kwa tochi.

Kwa masikio ya huku kwetu Time Pieces ina mvuto mmoja wa ziada, rege. I Shot the Sheriff ni ya Bob Marley, ilitoka kwenye Burnin' ya 1973, Clapton akairudia 1974 ikampa namba moja Marekani, afu Knockin' on Heaven's Door ya Bob Dylan kaipiga kirege, na Swing Low Sweet Chariot nayo hivohivo. Sasa hapa siwezi kupita kimya. Agosti 1976 huyuhuyu jamaa akiwa amelewa jukwaani Birmingham alitoa maneno machafu dhidi ya wahamiaji na watu weusi, akamsifia mwanasiasa Enoch Powell, miaka miwili tu baada ya wimbo wa Mjamaika kumpeleka kileleni, na hasira za watu juu ya yale maneno ndo zikachangia kuzaliwa kwa harakati za Rock Against Racism kule Uingereza. Baadaye sana, uzeeni, alikiri anajionea aibu. Mi Sheriff yake naisikiliza hilo likiwa kichwani, afu naenda kuweka ya Marley mwenyewe ambayo hata hivyo ni nzito zaidi.

Clapton Chronicles inabeba ule upande wa pili, 1985 mpaka 1999. Hapa ndo utamkuta Clapton wa redioni, yule ambaye hata mtu asiyejua kama kuna kitu kinaitwa bluzi anamfahamu: Tears in Heaven, Change the World aliyofanya na Babyface, My Father's Eyes. Tears in Heaven haihitaji maelezo marefu, mtoto wake Conor alikuwa na miaka 4 alipoanguka toka ghorofa ya 53 jijini New York Machi 1991, na wimbo ukatoka kwenye huo msiba. My Father's Eyes wengi hawajui kwamba inamhusu baba ambaye Clapton hakuwahi kumuona, mwanajeshi wa Canada, na inamhusu mtoto huyohuyo pia, baba na mtoto kwenye wimbo mmoja na yeye yuko katikati. Ukiujua huo mkasa huwezi kuusikiliza tena kama wimbo wa kusindikiza foleni.

Tatizo la Chronicles ni zile za miaka ya 80. She's Waiting aliiprodyuzi Phil Collins na ina zile ngoma kubwa na kinanda cha umeme cha enzi zile, unaisikia tu unajua mwaka gani. Wapo wanaozipenda, mi nazivumilia. Bad Love na Pretending za 1989 zimesimama vizuri zaidi, gitaa limerudi mbele, na Bad Love ina ile rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) ya kuingilia inayokukumbusha kwamba jamaa bado anaweza akitaka. Ila kwa ujumla hii ni sidii ya mtu anayempenda Clapton mwimbaji. Kama unampenda Clapton mpiga solo utakuwa unaruka ruka nyimbo.

Sasa hizo Layla. Ya kwanza ni ya 1970, imerekodiwa Miami na Derek and the Dominos, na humo Clapton hayuko peke yake, yuko na Duane Allman anayetelezesha chupa kwenye nyuzi. Inafunguka kwa rifu ile kali, magitaa yamepangwa juu ya mengine mpaka huwezi kuhesabu ni mangapi, jamaa anaimba kama mtu anayegonga mlango usiku akiomba afunguliwe, afu katikati, dakika ya tatu na kitu hivi, kelele zote zinaisha ghafla na piano inaingia taratibu, na kuanzia hapo mpaka mwisho karibu dakika 4 nzima hakuna anayeimba tena, ni piano na magitaa yanalia juu kabisa. Jumla ni zaidi ya dakika 7. Ya pili ni ya Januari 1992, ile ya kipindi cha Unplugged cha MTV, cha kupiga bila gitaa za umeme, jamaa kakaa kwenye kiti na gitaa kavu, kaipunguza mwendo, rifu kali haipo, sehemu ya mwisho ya piano haipo, na kabla hajaanza anawaambia watazamaji wajaribu kuitambua. Wanaitambua alipoanza kuimba, unasikia kabisa wanavyoshtuka. Nzuri sana hiyo, ilimpatia na Grammy, ila sio ile. Time Pieces ina ya 1970. Chronicles ina ya 1992. Mtu anayekwenda Chronicles kutafuta ile ya kelele anarudi amenuna.

Zote mbili ziko pamoja kwenye Complete Clapton ya 2007, na hii ndo sababu ya kwanza kwa nini hii naiweka mbele ya zile mbili. Ilitoka mwaka uleule na kitabu chake cha maisha, sidii 2, nyimbo 36, na kwa mara hii kazi za pande zote mbili za mikataba zimewekwa kwenye boksi moja. Sidii ya kwanza inaanza na I Feel Free ya Cream ya 1966 mpaka I Can't Stand It ya 1981, ya pili inachukua kuanzia 1983 mpaka Ride the River aliyofanya na JJ Cale 2006. Zimepangwa kwa kufuata miaka. Unaweza ukaona kupanga kwa miaka ni kitu cha kawaida tu, ila kwa huyu jamaa kunabadilisha kila kitu.

Angalia hii. Kwenye sidii ya kwanza kuna Badge, wimbo wa Cream alioutunga na George Harrison wa Beatles, rafiki yake wa damu, ambaye kwa sababu za mkataba ikabidi aandikwe kwa jina la bandia L'Angelo Misterioso. Nyimbo chache mbele inakuja Bell Bottom Blues na Layla, ambazo Clapton alimtungia Pattie Boyd, mke wa huyohuyo Harrison, jina lenyewe akalitoa kwenye kisa cha Laila na Majnuni. Unaendelea, unafika Wonderful Tonight ya 1977, sasa Pattie yuko kwake, wanajiandaa kutoka na yeye anasubiri bibie amalize kuchagua nguo. Rafiki, mke wa rafiki, nyumba, vyote ndani ya sidii moja kwa mpangilio wake. Kwenye Time Pieces, Wonderful Tonight imewekwa kabla ya Layla, yaani ameshampata afu ndo anaanza kulia kumtaka. Sijui nani alipanga.

Na ile Crossroads iliyoko humo ni rekodi ya laivu ya Cream, Winterland, San Francisco, Machi 1968. Wimbo wenyewe ni wa Robert Johnson, mwanabluzi wa zamani wa Marekani, aliurekodi 1936 akiwa peke yake na gitaa lake, na Cream wameubeba wakaupiga kama treni imekosa breki, Jack Bruce kwenye besi hatulii sehemu moja, Ginger Baker nyuma anatwanga (huyo ndo yule aliyekuja kujenga studio Lagos na kupiga na Fela Kuti), na Clapton anapiga solo mbili. Ya kwanza fupi, ya kawaida ukilinganisha. Ya pili ndo watu wameiiga chumbani kwao kwa zaidi ya miaka 50, imepanda juu ya shingo ya gitaa na haishuki, besi inamkimbiza na yeye anakimbia, dakika 4 na ushee wimbo umeisha. Hiyo moja peke yake inajibu swali la kwa nini watu wa London waliandika kwenye ukuta kwamba Clapton ni Mungu.

Complete Clapton ina mapungufu na nitayasema. Sidii ya pili inalegea katikati, ni zile zilezile za Chronicles nyingi zake, na inakuja kuamka mwishoni kwenye Riding with the King aliyofanya na gwiji wa bluzi BB King 2000, wazee wawili wanataniana kwa magitaa, raha tupu. Kingine, na hiki ndo kikubwa kwangu, kwa mtu ambaye siku zote anajiita mtu wa bluzi, bluzi yenyewe humo ni chache mno. Ukiacha ile Crossroads, kuna Motherless Child, kuna Sweet Home Chicago na nyingine moja ya Robert Johnson, basi. Have You Ever Loved a Woman haipo! Hiyo ni kama kumwalika mtu pilau afu nyama ukaiacha jikoni. Na chochote cha kabla ya Cream pia hakipo.

Hapo ndo inaingia Crossroads, sio wimbo, boksi seti ya 1988. Sidii 4, nyimbo 73, ilichukua Grammy mbili, na wengi wanasema ndo iliyowafundisha makampuni kwamba boksi la namna hii la mwanamuziki wa roki linauzika. Hii haikuchagua vibao, imesimulia maisha. Inaanza na Yardbirds, bendi yake ya kabla ya Cream, wakiwa bado watoto wanaiga bluzi za Wamarekani weusi, inafika For Your Love ya 1965, wimbo uliowapa Yardbirds umaarufu na ambao Clapton aliuchukia kwa kuwa wa kipopu mpaka akaacha bendi. Fikiria, mtu aliyeacha bendi kwa sababu ya kibao kimoja cha redioni leo tunagombania mikusanyiko yake ya vibao vya redioni.

Baada ya hapo inakuja ile sehemu ambayo hakuna mkusanyiko mwingine kati ya hii ninayolinganisha inayoigusa: John Mayall na bendi yake ya bluzi Bluesbreakers, 1966. Clapton na Gibson Les Paul kachomeka kwenye amplifaya ya Marshall kafungulia sauti mpaka mwisho, mafundi wa studio wakalalamika ila yeye akagoma kupunguza. Ile sauti nene inayovutika, inayokwaruza kidogo pembeni, ambayo leo kila mpiga gitaa la roki anaitafuta kwa pedali, ilishika pale. Sikiliza Hideaway, ya Freddie King, hamna kuimba, ni gitaa tu mwanzo mwisho, dogo ana miaka 21. All Your Love ya Otis Rush ipo, Ramblin' on My Mind ipo, akiimba mwenyewe kwa aibu aibu. Have You Ever Loved a Woman ipo, laivu.

Ila sikudanganyi, boksi hili sio la kuanzia. Kuna vipande vya albamu ya pili ya Derek and the Dominos ambayo haikukamilika maana bendi ilisambaratika 1971, ni vya kuvutia kwa mtu aliyeshanogewa, kwa mgeni ni mabaki. Na linaishia 1987, kwa hiyo Tears in Heaven hamna, Unplugged hamna, Change the World hamna, ukimnunulia mama yako kwa ajili ya hizo utakuwa umemuonea. Linafungwa na After Midnight iliyorudiwa, nzito na ya polepole, ambayo iliwekwa kwenye tangazo la bia Marekani na tangazo likawa linarushwa kwenye runinga wakati jamaa yuko kwenye matibabu ya kuacha pombe.

Angalizo kwa wanaonunua za mkono wa pili: kuna Crossroads 2 ya 1996, nayo sidii 4, hiyo ni laivu za miaka ya 70 karibu zote, nyimbo ndefu ndefu. Afu kuna marekodi ya tamasha lake la Crossroads, wapiga gitaa wengi tofauti. Majina yanakaribiana, vitu ni tofauti kabisa, soma kava mpaka nyuma kabla hujatoa hela.

Nyingine mbili kwa haraka. The Cream of Clapton ya 1995 ni kama Time Pieces iliyoongezewa Cream, ukiikuta kwa bei rahisi na hutaki sidii mbili sio mbaya. Forever Man ya 2015 ni ya upande wa Warner tena, wameigawa kwa studio, laivu na bluzi, ila hiyo sidii ya bluzi iko kwenye toleo la sidii 3, hakikisha sio la 2 ulilopewa. Vibao vya zamani humo vimeingia kwa njia ya laivu, ndo ujanja wa kukwepa Polydor, kwa hiyo usitegemee kukuta Layla ya 1970. Ile sidii ya bluzi lakini, ukiipata, ndo nyama iliyoachwa jikoni kule kwenye Complete.

Kwa mtu wa kawaida anayetaka moja tu, chukua Complete Clapton usijichoshe. Kwa mzazi au mtu wa nyimbo tulivu za mapenzi na huzuni, Chronicles. Kwa dogo anayejifunza gitaa, Crossroads, na aanzie sidii ya kwanza asiruke. Time Pieces naiacha kwa anayeikuta kwenye santuri, maana nyimbo 11 zinakaa vizuri pande mbili na sauti ya miaka ile inapendeza kwenye sindano. Kama unasikiliza kwa bando, na Spotify imeshafika huku toka 2021, tofauti ya bei ya sidii 1 na sidii 2 haipo tena, hapo hakuna sababu ya kujibana na Time Pieces wala Chronicles.

Ukiwa bado unasitasita, fanya hivi bila kulipa hata mia: weka Crossroads ile ya Cream laivu, weka Wonderful Tonight, weka Tears in Heaven, moja baada ya nyingine. Ukijikuta unairudia ya kwanza tafuta boksi, ukiirudia ya katikati Time Pieces inakutosha, ya mwisho Chronicles, na ukirudia zote tatu Complete.